Mstari Mwekundu Ubavuni

Nzilani alimpima Ciku, mpiga makasia wake, kwenye mizani ya muuza mahindi pale Ruiru, akapiga hesabu, kisha akachora mstari mwekundu ubavuni mwa mashua. Maji yangefika hapo. Ilikuwa mashua ya mbio, nyembamba, ya mpiga makasia mmoja, na aliiunda kwa faiba katika karakana ya matangi ya maji. Waliijaribia kwenye timbo la zamani la mawe lililojaa maji.

Maji yalipita mstari kwa vidole viwili.

"Kuna mtu mwingine hapa," Ciku alisema.

Nzilani alipunguza faiba, akabadilisha kiti, akairudisha majini. Ilizama vilevile. Alipokokotoa uzito uliozidi, aliujua: ulikuwa wa Muli, kakake, mchonga mawe aliyeingia humo kunawa vumbi mwaka jana baada ya kazi, akazama. Wapiga mbizi walimkosa. Timbo halikuwa na uzio wakati huo, na halina mpaka leo. Kazi yake Nzilani ni kupunguza uzito, lakini huu haukupunguzika, naye alilia.

Kwa hivyo aliunda mashua nyingine, ya viti viwili. Muli alikalia cha nyuma, amelowa, gambuti miguuni, akapiga makasia vizuri kuliko Ciku.

"Twende nyumbani, Muli," Nzilani alimwambia siku aliyokalia kiti cha Ciku. "Mum anakungoja."

"Najua," Muli alisema.

Nzilani alimshika mkono mpaka mashua ikagusa ukingo. Hapo akabaki na maji tu kiganjani.

Alimwita Mzee Gachau, mwenye timbo, aje ajionee, akamwomba aweke fensi kabla mwingine hajaingia. Gachau alimtazama Muli akizunguka.

"Maji yakimwagika hayazoleki, madam," alisema. "Na si huyu anaendelea tu poa? Mkishinda mbio, mnikumbuke."

Akapanda pikapu yake, akaenda.

Jumamosi iliyofuata, Ciku na Muli wakiwa katikati ya timbo, mashua ilishuka tena. Muli alisimamisha makasia, akasogeza magoti kama mtu anayempisha mwenzake kanisani.

"Nani huyo?" Ciku aliuliza.

"Hata mimi simjui," Muli alisema. "Ameingia saa hii."

Ng'ambo ya maji kulikuwa na jozi ya viatu, soksi zimekunjwa ndani. Nzilani aliita mpaka sauti ikamwisha. Mashua ilipokaribia, aliinama, akapima maji yalipofika, akachora mstari mwingine.