Dirisha la Saba

Nilikuwa fundi bomba miaka ishirini na sita, mpaka goti liliponiambia basi. Sasa natengeneza michezo ya simu. Usicheke. Shule niliiachia darasa la nne, na kama kazi hii ingetaka niandike lugha ya kompyuta, ningekuwa bado nimekaa mlangoni nawalaani wakubwa. Kuwalaani bado nawalaani, ila siku hizi nalipwa.

Binti yangu wa mwisho, tunamwita Kitinda, ndiye aliyeniwekea ile programu. Humo huandiki kitu. Unachukua vipande vya rangi, hiki mtu, hiki mlango, hiki "akiguswa aondoke", unaviunga kwa nyuzi. Nilipoziona zile nyuzi nikasema, kumbe ni mabomba! Kitoke hapa, kiende pale. Kazi hiyo naijua hata nikifumba macho.

Mchezo wa kwanza niliutengeneza kwa hasira. Mke wangu aliugua, zahanati ikasema apelekwe hospitali kubwa, na hospitali kubwa haimpokei mtu bila barua yenye muhuri wa ofisi ya mji. Ofisi ile ina madirisha saba. Walinipiga danadana siku mbili. Dirisha la tatu lilitaka nakala, la nne likauliza nakala za nini, la tano mhusika katoka kidogo. Nikiwa la sita simu ikalia: nisihangaike tena. Alifia kwenye benchi la zahanati, na gauni lake la kijani.

Basi nikautengeneza vilevile. Upande wa kushoto wa kioo cha simu yupo mwanamke kwenye benchi. Mchezaji anakimbia dirisha hadi dirisha kumtafutia muhuri. Makarani niliwachora mwenyewe kwa kidole, hata yule wa la saba niliyemwona kwa mbali tu.

"Baba, huyu ni karani au kiboko?" Kitinda aliniuliza.

"Soma kibao chake. Kiboko hana kibao."

Nilipomaliza dirisha la saba, uzi wake ukabaki unaning'inia. Sikuwa nimejua mwisho uweje. Lakini fundi bomba haachi mdomo wa bomba wazi, maana utaamka sebule imekuwa bwawa. Nikauchomeka kwenye tundu la karibu. Tundu la karibu lilikuwa la dirisha la kwanza.

Hivyo mchezo wangu ukakosa mwisho. Ukifika la saba, karani anakwambia, "Anzia kule." Watu wakaupenda kufa! Mwezi wa kwanza waliupakua watu elfu sitini. Wengine waliapa yupo aliyelivuka la saba, eti binamu ya rafiki yao. Baina ya kila dirisha na dirisha linatokea tangazo la sabuni, na hilo tangazo ndilo linaloniwekea chungu jikoni.

Kitinda ndiye aliyegundua, siku moja alipoufuata uzi kwa kidole.

"Baba, umewafungia watu kwenye duara."

"Mimi nani alinifungulia?"

Akauachia uzi. Mchezo ukaendelea kutulisha.

Kisha duka la mtandaoni linaloweka michezo likaniandikia: ndani ya siku kumi na nne niwasilishe leseni ya biashara, la sivyo mchezo utaondolewa. Leseni inatolewa wapi? Ofisi ileile. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Bila ule mchezo ningerudi kupanda ngazi na goti bovu. Nikaenda.

Dirisha la pili lilikuwa na mama mwenye orodha ya kazi zote zinazotambulika. Kulikuwa na kinyozi, fundi saa, mpiga rangi. Mimi sikuwemo.

"Kwani unafanya nini hasa, mzee?"

"Nazungusha watu mpaka wachoke."

"Hiyo haihitaji leseni," akasema. "Sisi tunaifanya miaka yote."

Akaniandika "fundi, mengineyo". La nne likataka nakala. La tano mhusika alikuwa katoka kidogo. Nadhani hajarudi tangu wakati ule. Siku ya kumi na tatu ndipo nikafika la saba, kwa karani ambaye foleni nzima inamwita Bwana Muhuri. Hakuinua kichwa. Mkono mmoja juu ya meza, mwingine chini, na huko chini nikasikia mlio ninaoujua, ule wa makofi niliourekodi kwa kupiga sufuria.

Akaisoma fomu yangu. Akairudia. Akanitazama kama mtu aliyeona maiti inapiga chafya.

"Mchezo huu ni wako wewe?"

"Ni wangu."

"Mzee wangu! Miezi miwili nimekwama la saba. Nyumbani hatusemezani. Nipe siri yake."

"Gonga muhuri kwanza."

"Siri kwanza."

"Jamani mpeni siri, tuhudumiwe!" mama mmoja akapiga kelele nyuma yangu.

Bwana Muhuri akasogeza uso karibu na kioo, akashusha sauti. "Yule karani wa la saba ni mshenzi. Mtu ana mgonjwa kwenye benchi, yeye anamwambia anzia kule! Ana roho gani yule?" Na alikuwa na uchungu wa kweli, nakwambia. Nikaitazama shingo yake, nikaona niliichora vizuri.

Ningemjibu. Jibu nilikuwa nalo tangu mwaka ule. Lakini ilibaki siku moja. Nikatoa simu palepale, nikauchomoa uzi kutoka dirisha la kwanza, nikachora geti la hospitali, nikauunga hapo. Akigongewa muhuri, mwanamke ainuke, apite getini. Nikatuma toleo jipya.

Akaanza upya. Robo saa nzima ofisi ilisimama, sisi tukimtazama kupitia kioo cha dirisha, na foleni ikimshangilia. La tano, la sita, la saba. Pa! Gauni la kijani likainuka, likatembea, likaingia getini.

Bwana Muhuri alifuta macho. "Atapona?"

"Ameingia."

Akagonga leseni yangu, kisha akafunga dirisha akaenda kunywa chai. Yule mama nyuma yangu alitukana mpaka rangi ya ukuta ikatoka.

Wiki ile wachezaji wakamaliza mchezo, wakaondoka. Waliobaki walibaki kutukana. Nyota moja: "Ulikuwa mchezo wa kweli, sasa umekuwa hadithi ya kulazia watoto. Ofisi gani inamaliza shida ya mtu?" Nyota moja: "Wamekununua." Nyota moja: "Aibu."

Sabuni ikakoma kujitangaza.

"Leseni tunayo, chakula hatuna," Kitinda akasema. "Rudisha uzi wako, baba."

Nikaufungua mchezo. Kazi yenyewe ni kidole kimoja: chomoa getini, chomeka dirisha la kwanza. Nikakiweka kidole. Gauni la kijani lilikuwa limeshapita geti, linaonekana ukingo tu. Kuuchomoa uzi ni kumrudisha kwenye benchi, na safari hii si ofisi inayomrudisha, ni mimi.

"Siwezi."

Kitinda alimaliza kukunja nguo, akaja kukaa karibu yangu, akaitazama simu.

"Huko ndani ya geti kuna nini?"

"Hospitali."

"Kwani hospitali haina madirisha?"

Nikamtazama. Mtoto wa mama yake huyu.

Leo ni siku ya nne sijalala vizuri. Kuna dirisha la kadi. Kuna dirisha la faili, faili limepotea. La vipimo, umeme umekatika. La dawa, nenda kanunue nje. Nimefika la kumi na moja na wakubwa bado hawajaniishia. Ila kabla ya dirisha hata moja, kipande cha kwanza nilichokiweka ndani ya geti ni kitanda, na yeye nimemlaza juu yake. Mchezaji akimbie atakavyo, apigwe danadana hadi kiama, mwanamke amelala.

"Hicho kitanda hakileti tangazo," Kitinda amesema asubuhi hii. "Kinajaza nafasi tu."

"Kiache."

Nimemwambia anitafutie rangi ya blanketi.