Sukari ya Demarkus

Uligeuza uso. Usikatae. Waliposoma kanisani kwamba Demarkus Hollins, kijana mwenye kifua kama mlango, amechukuliwa na sukari, ulijua si sukari. Ukaangalia viatu vyako. Ukajipepea na karatasi yenye picha yake. Baadaye ukala kambare wa kukaanga, ukaomba uongezewe, ukarudi kwako. Uwe ulikuwa pale Jackson, Mississippi, au huko unakoishi, ni mamoja. Huko nako kuna jina mliloupa ugonjwa wa marehemu wenu ili msilitaje lile lenyewe.

Rayford Tullis hakupata nafasi ya kugeuza uso, kwa sababu yeye alikuwa kinyozi wa Demarkus. Na kwao mwanamume haingii kaburini na mkono wa mgeni kichwani. Mama wa marehemu anakupigia simu, unachukua mashine yako uliyomnyolea siku zote, unaenda nyumba ya mazishi, unamtengeneza kwa mara ya mwisho.

Bi Earnestine, mama yake Demarkus, alikataa kungoja nje. Aliketi karibu na kichwa cha mwanawe, mkoba magotini, na Ray alipoanza kuchonga mstari wa paji la uso, mama akaanza kusema.

"Mimi nilijua zamani, Ray. Miaka minane iliyopita nilikuta chupa bafuni, nyuma ya taulo. Nikamuuliza binti wa jirani, yule anayefanya kazi hospitali. Akaniambia, hizo ni dawa wanazokunywa wenye ngoma, wenye virusi."

"Ukafanyaje, mama?"

"Nikazimwaga chooni. Nikamwambia, kwenye nyumba hii tutaomba mpaka upone. Akanishika mikono miwili, ananiambia, mama, siumwi. Mama, siumwi." Akacheka kicheko kikavu. "Kaka yangu Lonnie naye alisema hivyo hivyo, huku amelala kitandani kama ukuni. Wote husema hivyo."

Ray aliinua mashine, akaishika hewani. Alikuwa anaijua chupa ile. Nyumbani kwake alikuwa nayo, ndani ya kopo la vitamini, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua. Kidonge kile wagonjwa hukinywa pamoja na vingine, kweli. Binti wa jirani hakudanganya. Lakini mzima naye hupewa kile, akinywe kila siku ili virusi visimshike. Na mzima hapewi mpaka apimwe, wahakikishe hana. Demarkus siku ile alikuwa mzima kama mimi na wewe. Chupa ile ndiyo iliyokuwa ushahidi wake, na mama yake akavuta maji.

Angemwambia nini? Angemwambia nini mwanamke aliyekaa vile, anamfuta mwanawe vinywele shingoni kwa kidole?

"Umemtoa vizuri," alisema Bi Earnestine. "Kama anakwenda dansi."

Tangu siku ile kila kichwa kilikuwa baridi. Mteja anaketi, anahema, anasimulia mpira, na Ray akimwekea kiganja utosini anakutana na ubaridi ule ule, ngozi ile ngumu isiyorudi ukiibonyeza. Akaanza kunawa kwa maji ya moto. Mikono ikababuka, ubaridi ukabaki. Na akiwasha mashine, chini ya mngurumo wake ilikuwepo sauti, haina hasira, ya mtu anayerudia jambo kwa mara ya mia.

Mwambie mama sikumdanganya.

Siwezi, Demarkus. Itamuua.

Mwambie sikuwa naumwa.

Wateja walimwona akitikisa kichwa peke yake. Wakasema msiba umemwingia.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka duka lilijaa, kila mtu anataka kesho aonekane mtu mbele za Mungu. Mzee Purvis, kaka yake Bi Earnestine, alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, ambacho hukikalia kila Jumamosi ingawa kipara chake hakijaona mashine tangu zamani. Kitini kwa Ray alikuwa Kentrell, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, rafiki wa Demarkus tangu utotoni, mwenye suruali ya kubana na mdomo usioazima maneno.

"Kentrell, leo unanukia kama bibi harusi," alisema Dontavis, jitu la gereji ya jirani.

"Nanukia kwa sababu naoga. Jaribu siku moja, mkeo atashtuka."

Duka likalipuka.

"Ray, mchunguze huyo," Dontavis hakukubali kushindwa. "Nasikia ana sukari kwenye tangi."

Hapo kicheko kikakatika. Kwao ndivyo anavyosemwa mwanamume anayependa wanaume, na neno lilikuwa lile lile la kanisani, na mjomba wa Demarkus alikuwa amekaa pale pale, fimbo kati ya magoti. Dontavis alijua alichofanya. Akainamia simu yake.

Ray akawasha mashine ili kitu chochote kisikike. Akaweka kiganja kwenye utosi wa Kentrell. Baridi. Baridi kuliko vyote.

"Ray," Kentrell alisema kwa chini, macho kwenye kioo. "Kliniki wamenipa vile vidonge. Vya kuzuia. Wamenipima, wakaniambia sina, wakanipa. Viko mfukoni tangu Jumatatu. Sijavigusa."

"Kwa nini?"

"Demarkus si alikuwa navyo? Vikamfanya nini?"

Masikio ya Mzee Purvis yalikuwa mazima kuliko magoti yake.

"Usiviguse!" alinguruma kutoka dirishani. Duka zima likageuka. "Kijana, nisikilize mimi. Hapo Alabama serikali iliwakusanya wanaume wetu, maskini, walima pamba. Ikawaambia, tunawatibu damu mbovu. Kumbe inawachoma sindano za kaswende! Wakaoza mmoja mmoja, madaktari wanaangalia. Leo hao hao wanakuletea kidonge, bure, unatabasamu? Mpwa wangu alikunywa. Yuko wapi?"

"Kweli, mzee," sauti mbili tatu ziliitikia.

"Basi navitupa," alisema Kentrell, na mkono ukaingia mfukoni chini ya shuka la kunyolea.

Ray akazima mashine. Sauti haikuzimika. Ilikuwa pale kwenye ukimya, karibu na sikio, haina tena mngurumo wa kujifichia.

Mwambie.

Hapa ndipo penye kisu. Neno likisemwa kwenye duka lile asubuhi, mchana liko kwenye kila jiko. Likisemwa mbele ya Purvis, limesemwa mbele ya dada yake. Ray alimwona Bi Earnestine kama alivyokuwa siku ile, kidole shingoni kwa mwanawe. Kisha akamwona Kentrell kwenye kioo, shingo nyembamba, nusu ya kichwa imenyolewa, na akajua kabisa, kama anavyojua makali ya wembe wake, kwamba akinyamaza ataitwa tena kule nyumba ya mazishi na mashine yake mkononi.

"Hawakuchomwa, Mzee Purvis."

"Unasemaje?"

"Nasema hawakuchomwa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Wengi walikuja nao tayari, huo ugonjwa. Dawa ilipopatikana, ikatibu nchi nzima, wao wakafichiwa isiwafikie. Babu alisafiri kuitafuta, wakamrudisha mlangoni. Hicho ndicho kilichomuua. Walinyimwa, mzee. Kwetu hatusemi walichomwa. Tunasema walinyimwa." Sauti ilianza kumpanda. "Nyinyi mmelikosea neno moja, na neno hilo moja linatumaliza. Kwa sababu aliyechomwa anaogopa dawa. Aliyenyimwa anaidai! Sasa hivi iko mfukoni mwa huyu kijana, na nani anayemnyima? Daktari? Wewe!"

"Chunga mdomo wako, Rayford."

"Nimeuchunga mpaka umeoza. Vidonge hivyo mimi navinywa. Mwaka wa nne huu, kila asubuhi. Naam, angalieni vizuri. Siumwi. Ni kinga, na hawakupi mpaka wakupime."

Mtu mmoja alisimama, akachukua kofia, akatoka. Mwingine akamfuata, bado hajanyolewa, na kesho ni Pasaka. Dontavis alibaki, mdomo wazi.

Mzee Purvis alikuwa bado anapiga hesabu yake polepole, na uso wake ulikuwa unabadilika kila anapofika hatua nyingine.

"Umesema hawatoi mpaka wakupime."

"Ndiyo, mzee."

"Wakute huna."

"Ndiyo."

"Sasa ile chupa Earnestine aliyoimwaga..." Akasimama, akakaa tena. "Yule mtoto alinipigia simu. Alilia. Aliniomba niongee na mama yake, amwamini. Nikamwambia, mtii mama yako."

"Bila shaka hakurudi tena kliniki," Ray alisema. "Aliona haya. Alipoupata kweli, kwa nani angesema? Alishasema ukweli mara moja."

Kentrell alikuwa ameitoa chupa, ameishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeokota kifaranga.

"Nipeni maji," alisema.

Dontavis ndiye aliyenyanyuka. Alimletea kikombe mpaka kitini, akamshikia shuka lisilowe, na hakufanya mzaha wowote. Kentrell alimeza. Koo lake likapanda, likashuka.

"Na kesho pia," Ray alimwambia. "Kimoja hakitoshi. Kila siku, na kliniki wakikuita upimwe tena, nenda."

"Nimesikia, kaka. Nimalizie kichwa."

Akammalizia. Kichwa kilikuwa baridi bado. Usidhani kilipata joto kama kwenye ngano. Sauti tu ndiyo iliyokuwa imesogea. Haikuwa tena sikioni. Ilikuwa mlangoni, inangoja.

Mzee Purvis aliketi mpaka nywele za mwisho zikafagiwa. Kisha akajikongoja na fimbo yake.

"Asisikie kwa majirani," alisema. "Twende wote. Peke yangu sitaweza."

Walikwenda kwa miguu. Bi Earnestine alikuwa jikoni, mlango wa wavu umefungwa, nyama ya sikukuu kwenye oveni, aproni yenye unga. Aliwaona wanapanda ngazi, kaka yake amevua kofia, kinyozi wa mwanawe nyuma yake hana hata mashine. Kijiko kikasimama mkononi.

"Mmekuja wawili," alisema kutoka nyuma ya wavu. "Nani mwingine amekufa?"

Hapo ndipo linapofika jambo hili likiachwa lisemwe kwa kuchelewa: mlangoni kwa mama, na hakuna tena njia nzuri ya kulisema. Basi wewe uliyegeuza uso, ugeuze sasa. Kuna mwanamume unayemjua ambaye leo ni mzima. Unamjua kwa jina. Usimngoje aumwe ndipo umlilie. Mtafute leo hii, kabla hujaiweka karatasi hii chini, umwambie dawa ya kuzuia ipo, aende apimwe, aidai. Akiogopa kwenda, nenda naye. Na ukikuta chupa nyuma ya taulo, iache hapo ilipo, umletee mwanao maji. Simama. Nenda.