Mimea Isiyoonekana Porini

Mwaka 1974, familia ya Twalibu ilipokuwa ikihamia kijiji cha ujamaa karibu na Soga, walikuta kitabu cha zamani darini mwa nyumba waliyokuwa wakiihama. Kilikuwa cha marehemu babu yake, mganga wa Kisarawe. Hakikuwa na maandishi, ila michoro ya mimea tu.

Twalibu, aliyekuwa bwana shamba, alitaka kuitambua. Alimwomba msaada Kristina, mwalimu wa sayansi. Kila Jumapili, Kristina akishatoka misani, walizunguka vichakani, wakarudi mikono mitupu.

"Majani haya ni ya mpera," Kristina alisema siku moja, "lakini mzizi huu mnene ni wa mlonge. Babu yako alikuwa anabuni tu."

"Babu hakuwa mtu wa mzaha," Twalibu alijibu kwa kuudhika.

Baadaye, sokoni Mlandizi, alimwona mama mmoja akiuza dawa za kienyeji. Majani na mizizi ya miti tofauti vilifungwa pamoja kwa kamba. Twalibu alifungua kitabu palepale. Kila shina lilichorwa pete katikati, ambayo yeye na Kristina walikuwa wamedhani ni pambo.

Alimkuta Kristina akisahihisha madaftari. "Mwalimu, hii pete ni kamba! Kila mchoro ni fungu la dawa, si mmea mmoja."

Kristina alitazama, kisha akacheka kwa furaha. Kufikia Krismasi walikuwa wameitambua yote.

Twalibu alimwonyesha mama yake, akimtajia kila jani na kila mzizi.

"Na hii inatibu nini, mwanangu?" mama aliuliza.

Twalibu aligeuza kurasa moja baada ya nyingine, akitafuta hata neno moja; ilikuwa michoro tu.