Chupa ya Kuongeza Kinga

Wahiba alimpa mwanawe Muhannad figo yake moja, na moyo wake wote ukahamia huko ilikokwenda. Kijana aliyekuwa wa kusafishwa damu kwa mashine, miguu imemvimba hata kutembea taabu, akarudi dukani Kiwalani anabeba magunia na kutaniana na wateja. Kliniki walimsisitizia jambo moja tu: dawa hizi za kushusha kinga utakunywa maisha yako yote, maana mwili ukipata nguvu utaiona figo ya mama yako ni mgeni, uifukuze.

Jambo hilohilo ndilo lililomkera ami yake, Abdulhadi.

"Kushusha kinga? Dunia nzima inatafuta kuongeza, nyie mnashusha!" alisema sebuleni mbele ya wageni, akatua mezani chupa ya dawa ya mitishamba. "Mpe hii, shemeji. Kwa hivyo vidonge, mafua tu yatamuua."

"Tuwaulize kwanza kliniki, shemeji."

"Ukawaulize haohao wenye vidonge?"

Wageni wakaangua kicheko. Wahiba akaipokea chupa, kwani kaka wa marehemu mumewe habishiwi mbele za watu. Mzazi mwenzangu, haya ya namna hiyo iogope kuliko maradhi.

Walipoondoka, akaificha chupa nyuma ya ndoo ya mchele. Muhannad akaifuata hukohuko.

"Mwanangu, nakusihi."

"Mama, figo umenipa, nashukuru. Sasa na mdomo wangu nao unautaka?"

Akawa anakunywa ya ami, vidonge vya hospitali akaviacha kimyakimya. Mwanzoni alichangamka kweli, na ami akatamba mtaa mzima. Halafu asubuhi moja viatu vikagoma kuingia miguuni.

Daktari Vaileth alisoma majibu ya vipimo, akavua miwani.

"Mama, mwili umeikataa figo. Anarudi kwenye mashine."

"Basi nitoeni hii nyingine."

"Hiyo ndiyo inayokuweka hai wewe, mama."

Wahiba akashika kovu lake ubavuni. Muhannad alikuwa ameegemea ukuta. Simu ya mama ikalia, ni ami.

"Shemeji, kijana anaendeleaje? Naona chupa ile itakuwa imekwisha. Niagize nyingine?"

Wahiba akamnyooshea mwanawe simu.

"Mjibu ami yako. Mie leo adabu imeniishia."