Aliyeruka Badala ya Sudarvel

Ukumbi mzima wa sinema ulilipuka kwa miluzi Kaatran aliporuka kutoka ghorofani. Vipande vya karatasi vilirushwa hewani, kijana mmoja akapanda juu ya kiti na kuvua shati, na pale mbele, kwenye skrini, mtu wa kinyago cheusi akawa anashuka polepole, tumbo juu, koti limetanda kama mbawa. Kuyili peke yake hakupiga mluzi. Alikuwa ameukamata mkono wa kiti hadi ukucha ukakatika.

"Ezhil," alimnong'oneza binamu yake. "Huyo ni Appa."

"Kwani kuna mahali si yeye? Kila penye kinyago ni baba yako."

"Hapana, sikiliza. Huku ndiko kuanguka kwenyewe. Ni ile siku."

Ezhil, ambaye mdomo wake haukujua likizo, aligeukia skrini.

Baba yake Kuyili, Dhanapalan, aliungua, akaburutwa na farasi na kutupwa nje ya treni kwa miaka mingi badala ya steringi Sudarvel. Siku walipokuwa wakipiga picha ya pili ya Kaatran, yule mtu wa upepo, waya uliomshikilia ulikatika, naye akatua juu ya zege. Tangu hapo, kuanzia kiunoni kwenda chini, alikuwa gogo. Kampuni ilisema yalikuwa mazoezi tu, kamera hazikuwa zikirekodi. Na siku ya kuzindua nyimbo za picha hiyo, Sudarvel alisimama mbele ya maelfu ya watu pale Chennai akajipiga kifua: "Kila mruko ni wangu! Jasho langu, damu yangu!" Mashabiki walilia.

Kumbe kamera zilikuwa zikirekodi. Na walichorekodi walikipunguza mwendo, wakakitia ngoma na tarumbeta, wakakiuza.

Kuyili alikuwa akihariri video za harusi katika chumba chao cha juu mtaani Saligramam, Chennai. Kila Jumapili, yeye na Ezhil waliketi mbele ya simu wakaichambua picha moja ya mashujaa, wakiivua nguo moja moja. "Adui ameshamfunga shujaa," Ezhil alikuwa akisema, "badala ya kumpiga risasi anamsomea mipango yake yote kama shangazi anayesoma kadi ya harusi!" Kisha Kuyili aliikata upya picha hiyo nyumbani, akaondoa nyimbo zisizo na kazi na vichekesho vilivyochacha, akairusha mtandaoni. Watu waliwapenda. Wengine waliwatukana, lakini walirudi kila Jumapili.

Safari hii alirudi nyumbani kutoka sinema bila kicheko. Dhanapalan alikuwa kitandani akinyanyua mawe mawili ya kusagia, mazoezi ya mikono aliyoyafanya kila siku.

"Vipi hiyo picha?"

"Takataka, Appa."

"Usinifiche. Wameuweka mruko wangu?"

Baba aliweka mawe chini. "Nionyeshe."

Alimwonyesha kwenye kompyuta, nakala mbovu iliyokuwa imeshazagaa mitaani. Alitegemea atalia, au atatukana. Dhanapalan aliinamia kioo akasema, "Rudisha nyuma." Akarudisha. "Tena. Unaona bega? Waya ulipokatika niligeuka ili nisiangukie kichwa. Hakuna mwingine ambaye angegeuka vile." Macho yake yaling'aa, na Kuyili akaona kuwa baba yake alikuwa akijivunia kile kile kilichomuua nusu.

"Nataka kuukata, Appa. Niutoe kabisa."

"Uutoe? Nimelala hapa kwa ajili ya huo mruko, wewe uutoe?" Aliushika mkono wa binti yake. "Weka jina langu. Jina lote."

Basi ndivyo alivyofanya. Aliiandaa Kaatran upya: aliondoa kila mahali palipokuwa na uso wa Sudarvel, akabakiza kinyago tu, mapigano na miruko, na chini ya kila tukio akaandika Dhanapalan. Mwishoni aliurudishia mruko ule mwendo wake wa kweli, bila ngoma. Kisha akaunga kipande alichokirekodi kwa simu fundi mmoja wa taa siku ile na kumtumia, ambacho Kuyili hakuwahi kuthubutu kukitazama hadi mwisho. Sasa alikitazama. Mtu anashuka kama gunia, anapiga zege, anaruka kidogo, anatulia. Halafu sauti inasikika: "Imeingia kamerani? Imeingia! Safi!"

Kabla ya juma kwisha, mji mzima ulikuwa umekiona.

Vitisho vilianza kwa matusi, vikaendelea kwa picha ya mlango wao iliyopigwa kutoka barabarani. Ezhil alicheka. "Hao? Wanaimwagia maziwa sanamu ya karatasi ya Sudarvel. Watatufanya nini?"

Walikuja mchana kweupe, saa ya chakula. Wanaume sita wa chama cha mashabiki, wakiongozwa na Marudhu, fundi wa malori mwenye kinyago cha Kaatran kilichochorwa kwa tatuu shingoni. Walikuwa na magongo ya kriketi, na Marudhu alibeba panga la ncha iliyopinda. Ezhil alikuwa akipandisha ndoo ya maji ngazini.

"Wewe ndiye unayemwita Sudarvel Anna, kaka yetu, mwongo?"

"Ndugu yangu, kwanza niweke ndoo—"

Gongo lilimpata tayani. Kuyili alisikia mlio ule akiwa jikoni, mkavu kama nazi ikipasuliwa, kisha ndoo ikiviringika hadi chini. Alipotoka, Ezhil alikuwa amepiga magoti, taya limehama upande, damu na meno vikimtoka, na bado walikuwa wakimpiga mgongoni kwa zamu.

"Mwacheni! Mwacheni, mbwa nyie!"

"Huyo hapo!" Marudhu alimnyooshea panga. "Ndiye huyo mkata picha! Leo tutakukata wewe!"

Kuyili hakufikiri. Jikoni, hatua moja nyuma yake, sufuria la wali lilikuwa likichemka. Alilinyanyua kwa upindo wa sari, akalimwaga lote ngazini. Maji mazito yalimpata Marudhu usoni na shingoni. Alipiga yowe ambalo halikufanana na sauti ya mtu, akaanguka kinyumenyume juu ya wenzake. Wawili wakamruka, wakampiga Kuyili kikumbo, wakaingia chumbani. Mmoja aliishika kompyuta akaibamiza sakafuni mara mbili, tatu, hadi ikawa mabati. Mwingine alikipindua kitanda pamoja na aliyelala juu yake.

"Huyu ndiye shujaa wenu? Haya, ruka! Ruka, babu!" Akampiga teke la mbavu.

Kuyili alimrukia mgongoni, akamzamisha meno sikioni, akang'ata hadi yakakutana. Jamaa alimtupa ukutani, akakimbia akishika kilichobaki cha sikio. Mwenzake, alipoona damu ile na mdomo ule, alimfuata.

Ndipo Marudhu akatokea mlangoni. Ngozi ya shavu ilikuwa imeanza kuchunika, jicho moja limefumba, panga bado mkononi. Hakumwona mzee aliyelala sakafuni. Alimwona Kuyili tu, akanyanyua panga.

Mkono wa Dhanapalan ulimkamata kifundo cha mguu ukamvuta. Marudhu alianguka kifudifudi, panga likateleza chini ya kabati. Kabla hajainuka, yule kiwete alikuwa ameshajiburuta juu ya mgongo wake na kumtia kabali. Mikono iliyonyanyua mawe kwa miaka miwili ilifunga kama komeo.

"Appa, basi. Mshike tu, polisi watakuja."

Dhanapalan hakusikia. Uso wa Marudhu ulikuwa mwekundu, ukawa wa zambarau. Visigino vilipiga sakafu.

"Appa! Atakufa!"

"Acha afe." Sauti ilikuwa tulivu, nayo ilimtisha kuliko panga. "Wote walipiga miluzi, Kuyili. Mimi nikianguka, wao wanapiga miluzi. Acha mmoja tu afe."

Visigino vilianza kutulia. Kuyili alimvuta baba yake mabegani, alimpiga makofi, alimkwaruza usoni. Ilikuwa kama kung'oa mzizi. Aliokota gongo la kriketi lililoachwa sakafuni. Kwa muda akasimama akimtazama mtu aliyekuja kumuua akifa, na hakujidanganya: sehemu ya moyo wake ilitaka aendelee kungoja. Kisha akalishusha gongo kwa nguvu zake zote juu ya kiwiko cha baba yake.

Mfupa ulivunjika. Dhanapalan alilia, kilio kilichomponyoka bila kutaka. Marudhu alivuta pumzi kama mtu anayechomolewa kisimani.

Ezhil alifungwa taya kwa nyaya. Sudarvel alitoa tangazo akiwaomba mashabiki watulie, akiwashukuru kwa mapenzi yao, lakini Dhanapalan hakumtaja. Wenzake Marudhu walitoroka, wawili wakakamatwa. Na kwa kuwa hospitali ya serikali haichagui, Dhanapalan na Marudhu walilazwa wodi moja, vitanda vitatu kati yao, mmoja na plasta, mwingine na bandeji usoni na pingu kwenye chuma cha kitanda.

Mama yake Marudhu, muuza maua wa hekaluni, alimtemea Kuyili mate miguuni kila alipopita. Siku moja alisimama. "Daktari amesema ni wewe uliyemfanya mzee amwachie."

"Ni mimi niliyemuunguza pia."

Mwanamke yule alifikiri, akatema mate tena, lakini pembeni kidogo, akaenda kwa mwanawe.

Dhanapalan hakuwa amesema neno na binti yake tangu siku ile. Chakula alikula kwa mkono wa muuguzi. Jioni hiyo muuguzi alikuwa na shughuli, na Kuyili akaketi na sahani ya wali wa maziwa ya mgando juu ya mapaja.

"Ungeniacha nimalize," baba alisema akitazama dari.

"Wangekufunga."

"Nimefungwa tayari."

"Basi mimi ningebaki na nani, Appa?"

Ng'ambo ya vitanda, Marudhu alikohoa kwa koo lililopondeka, na wote wawili wakakisikiliza kile kikohozi hadi kikaisha. Kisha Dhanapalan akageuza kichwa, akafungua mdomo, na Kuyili akamlisha tonge la kwanza.