Zamu ya Kobe, Ggaba

Hajara, mjane aliyekaa mtaa wa Kibuli, ndiye aliyemshawishi Ocen aje zamu. Kazi yao katika idara ya uvuvi ilikuwa kukesha ufukweni Ggaba msimu wa kobe wa ziwani kutaga, wayawekee alama mashimo ya mayai kabla kenge hawajayafukua. Ocen alikuwa mtu wa kaskazini, na wiki hiyo wanajeshi walikuwa wakiwasaka watu wa kwao nyumba kwa nyumba huko Bwaise alikopanga.

"Njoo," Hajara alimwambia. "Nani atakutafuta mchangani?"

Walikuwa wamelala kifudifudi, tochi imefunikwa kitambaa chekundu, wakimtazama kobe akichimba kwa miguu ya nyuma, waliposikia buti.

"Taa ya nini hii?" sajini aliuliza. "Nyinyi naita nani huko majini?"

"Tunaangalia kobe, afande. Ni kazi ya serikali."

Sajini akammulika Ocen. "Na huyu?"

Hajara hakufikiri. "Mume wangu. Umar."

Umar alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

Sajini akamvuta Hajara kando, akamwacha Ocen na askari wake. "Mama ya bwana yako naitwa nani?"

"Mahfudha," alijibu papo hapo, maana ndilo jina la mama mkwe wake.

Sajini akamrudia Ocen. "Mama yako naitwa nani?"

Ocen alisita. Kampala nzima alikuwa amezoeana na mama mmoja tu wa Kiislamu, mzazi wa Hajara, aliyempakulia pilau kila Idi.

"Jalia," akasema.

Walimfunga mikono kwa shati lake mwenyewe. Hajara aliwashika miguu, akaapa kwamba mumewe ana mama wawili, wa kumzaa na wa kumlea. Askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki, akaangukia kando ya kobe, ambaye alikuwa bado anataga.

Asubuhi Hajara alikwenda kambini walikompeleka Ocen. Wanawake walijaa langoni, kila mmoja akimtajia mlinzi mtu wake.

"Wewe natafuta nani?" mlinzi alimuuliza.

Akisema Umar, na Ocen ameshapigwa hadi akataja jina lake halisi, je? Akisema Ocen, si atakuwa amemchongea kwa kinywa chake? Mwanamke wa nyuma yake akamsogeza taratibu, akataja jina la mwanawe.

Hajara alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Ocen hakuonekana tena.