Mgongo Usiojaa

Alhamisi, baada ya wimbo wa mwisho, Hjördis Ekeblad alikata keki katika ukumbi wa kanisa la Vitasjö, kijiji cha Uswidi kando ya ziwa, na kama kawaida kipande cha mwisho kikabaki kwenye sahani. Hakuna mtu wa Vitasjö anayekula kipande cha mwisho. Hukikata nusu, anayefuata hukata nusu ya ile nusu, mpaka inabaki chembe ambayo hata sisimizi angeona haya kuibeba. Wenyewe wanaiita adabu.

Dirishani farasi alionekana vizuri siku hiyo. Kichwa chake kilikuwa ndani ya ziwa, mgongo ukapita kwenye banda la mashua na uwanja wa watoto, na mkia ukaishia kituo cha basi. Watu walikuwa wamempanda, kila mmoja ameinamia simu yake. Angekuwa mfupi kama wangekaa karibu karibu, lakini watu wa Vitasjö hawakai karibu na mtu hata kanisani, basi kila aliyepanda aliacha nafasi ya mtu mmoja mbele yake, na mgongo ukarefuka kuwatii. Kila siku farasi alipiga hatua moja kuingia majini.

"Kaka yako amesogea," alisema Barbro, akikoroga kahawa. "Maji yamefika kwenye buti zake."

"Nimeona."

"Si ulitamke lile jina?"

"Nje? Watu wasikie?"

Barbro akakubali kwamba hilo lilikuwa gumu.

Jina lenyewe Hjördis alilijua kuliko wote, maana hadithi ilikuwa yake. Mwaka juzi walikuja vijana wawili wa kampuni moja ya Stockholm inayotengeneza kamari za simu, suruali fupi, vifundo vya miguu nje katika baridi ile, wajinga gani hao. Walimkalisha maktaba wakamrekodi. Akawasimulia kama bibi yake alivyomsimulia: farasi mweupe hutoka majini, mtoto humpanda, mgongo hurefuka apate nafasi na mwenzake, na mwenzake tena, na wote wakishakaa huzama nao. Dawa ni moja tu. Mtu akimwita kwa jina lake, Bäckahäst, yaani farasi wa kijito, humwaga wote chini. Vijana walishukuru wakamwachia kikombe chenye nembo ya kampuni.

Walitia kila kitu kwenye mchezo: ziwa, yungiyungi, watoto, manyoya ya shingo yanayometa picha za kamari zikilingana na mchezaji akishinda. Siku ya majaribio mtu mmoja alilitamka jina kwa sauti, na wote waliokuwa wakicheza wakaweka simu chini, wakaenda kuwachukua watoto wao shuleni. Kampuni ikasema hiyo ni hitilafu. Wakaliondoa jina, mchezo ukaitwa Farasi wa Neema, na siku ulipotolewa, farasi akatoka ziwani Vitasjö, kwa kuwa ndiko hadithi ilikotoka. Aliyecheza alijikuta mgongoni. Halmashauri ikaleta mashine ya kutoa namba za foleni, watu wasigombanie kupanda.

Algot, kaka yake, hakuwa mtu wa kamari. Ndiye aliyemfundisha Hjördis kuteleza kwenye barafu ya ziwa lile lile, akimshika ncha ya skafu. Walikuwa wakiishi wawili katika nyumba ya wazazi wao, na Hjördis hakuwa na mtu mwingine. Alipofikiria hilo aliweka kikombe chini, akavaa koti, akateremka ufukweni.

"Bäckahäst!" akapiga kelele.

Farasi akasimama. Akajitikisa kama mbwa aliyelowa, watu wote wakaanguka, walio mbele wakaangukia majini.

"Hjördis, una wazimu?" alifoka Folke, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye alikifundisha kijiji kizima namna ya kukokotoa bahati. "Nilikuwa nimebakiza picha moja!"

"Umebakiza picha moja tangu Septemba, Folke."

Alimpeleka Algot nyumbani, akampa soksi kavu, akampikia supu ya njegere na chapati za maji kwa jamu, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi, na hicho ndicho chakula cha Alhamisi huko. Algot alikula akamaliza. Machozi yakamtoka.

"Naacha," alisema. "Haki naacha, dada."

"Haya. Kula."

Asubuhi kiti chake kilikuwa kitupu. Wenzake wote walikuwa wamesharudi juu ya farasi. Algot alichukua namba akakuta nafasi yake imekaliwa, akapewa nyingine mbele kabisa. Mbele hakukukosekana nafasi, maana waliokaa huko walikuwa wamezama, na simu zao ziliendelea kuwaka chini ya maji. Sasa maji yalimfika kifuani. Sikio la kufa halisikii dawa, na Vitasjö nzima ilikuwa sikio.

Hjördis alipofika akamkuta Annika wa halmashauri akipigilia kibao kilichoandikwa: CHEZA KWA KIASI. KINA CHA MAJI HUBADILIKA.

"Tumepata malalamiko," Annika alisema kwa upole. "Umewalowesha watu."

"Wanazama, Annika."

"Kuzama ni hiari yao. Kuloweshwa hawakuomba."

"Na kaka yangu?"

"Algot ni mtu mzima. Tunakuomba tu hilo jina usilitamke saa za kazi."

Hjördis alikipita kibao. Akaingia majini mpaka magotini.

"Bäckahäst!"

Farasi akasimama tena. Ahadi yake, ya kumwaga watu akiitwa kwa jina, aliitimiza. Katika kijiji kile yeye peke yake ndiye aliyetimiza yake. Akajitikisa, Folke akaanguka, wote wakaanguka isipokuwa Algot. Algot alikuwa ameibana simu kwa meno, apate mikono miwili ya kushika manyoya ya shingo.

"Algot! Achia! Achia, kaka yangu!"

Mdomo ulikuwa umejaa simu. Alimtazama dada yake kwa upole, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kuongea. Farasi akajitikisa mpaka akachoka. Kisha akapiga hatua yake ya siku hiyo. Maji yakafunika kichwa cha Algot, mwanga wa simu ukaonekana kitambo, ukazungukazunguka. Nyuma yake watu walikamua soksi, wakachukua namba, wakapanda, kila mmoja akiacha nafasi ya mtu mmoja.

Alhamisi iliyofuata kampuni ilileta keki ya rambirambi yenye farasi wa sukari juu yake. Baada ya wimbo wa mwisho wakaila. Kikabaki kipande kimoja, chenye farasi. Barbro alikikata nusu, aliyefuata akakata nusu ya ile nusu, sahani ikamfikia Hjördis.

Hjördis alikichukua chote, akakitia mdomoni, akakitafuna mbele yao.

Hapo Vitasjö ikashtuka. Barbro alidondosha kijiko, mchungaji akageukia ukutani. Farasi walishamzoea, na watoto wao wameshaanza kuchukua namba, lakini habari ya mwanamke aliyekula kipande cha mwisho wanaisimulia mpaka leo.